Kamera ya mtego mbele ya shimo la mhanga: miezi kumi na moja ya matumizi

Nimeitumia kamera hii kwa miezi kumi na moja, na muda wote huo nimeipa kazi moja: kunionyesha nani anaingia na nani anatoka kwenye shimo lililochimbwa na mhanga. Ukiniuliza kama inafaa kulinda geti au kuchunga mifugo, sina jibu. Ukiniuliza kama inamfaa mtu anayetaka kuelewa jinsi mnyama mmoja anavyowapatia makazi wanyama wengine chungu nzima, jibu ninalo, na ni refu kidogo.

Sitaji kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu wenzangu wenye kamera za majina mengine wanalalamikia yale yale nitakayolalamikia mimi. Ni ile ya kawaida, inayojipigia picha yenyewe mnyama akipita: boksi la plastiki ngumu lenye rangi ya magome, linaloenea mikononi kama nusu ya tofali. Ndani kuna betri nane ndogo na memori kadi. Mbele kuna lenzi, kihisi, na safu ya vitaa vya infraredi vya kupigia picha usiku. Unaifunga kwa mkanda kwenye nguzo, unaiwasha, unaondoka zako.

Kwanza niseme kwa nini shimo. Mhanga ni mnyama wa usiku mwenye masikio marefu, pua kama ya nguruwe na uzito wa mtu mzima, kilo 40 hadi 65 hivi. (Jina lake na lile neno la "kujitoa mhanga" yanaandikwa sawa, na kila nikimwona akitifua ardhi iliyokauka kama saruji nakumbuka hilo.) Chakula chake ni mchwa na sisimizi. Anachimba ili ale, na anachimba ili apate pa kulala mchana. Akishahama, shimo linabaki, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Ukichora nani anamla nani, mhanga na ngiri hawakutani popote. Mmoja anakula mchwa, mwingine anakula majani na mizizi. Hakuna mstari wa kuwaunganisha. Lakini ngiri kwa kawaida hulala kwenye shimo ambalo hakulichimba yeye, na pasipo mashimo ya namna hiyo wanawe wanabaki wazi kwa baridi ya usiku na kwa kila mwenye meno. Uhusiano huo ni mkubwa, ila si wa chakula. Mwaka 1994 watafiti watatu, Clive Jones, John Lawton na Moshe Shachak, waliupa jina: viumbe wanaobadilisha mazingira kiasi cha kuwatengenezea au kuwanyima wengine makazi waliwaita wahandisi wa mfumo ikolojia. Wakawagawa makundi mawili. Wapo wanaobadilisha mazingira kwa miili yao wenyewe, kama mti unaotandaza kivuli au matumbawe yanayojenga mwamba. Na wapo wanaochukua vitu vilivyopo na kuvigeuza, kama mhanga na udongo. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani. Kamera niliinunua ili nilione.

Wiki ya kwanza ilinikatisha tamaa. Memori kadi ilijaa nyasi. Nyasi zikipepea kushoto, picha. Zikipepea kulia, picha. Hili si kosa la kamera peke yake, maana kihisi chake hakioni mnyama kama jicho linavyoona. Kinahisi tofauti ya joto inayosogea mbele yake. Jani lililochomwa na jua likipita mbele ya ardhi yenye kivuli, kwake hiyo ni habari. Nilifyeka nyasi kwa upana wa hatua mbili, nikaigeuza kamera isitazame mawio wala machweo, nikaishusha hadi usawa wa goti. Toka hapo tukaanza kuelewana.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya ngiri jike, jua likiwa linazama. Amesimama kwenye mdomo wa shimo, akitazama nyuma alikotoka. Watoto watatu wanamtangulia, wanaingia kichwa mbele, mikia ikiwa wima. Kisha mama anageuka. Kwenye picha inayofuata, sekunde chache baadaye, makalio yake yameshazama ardhini na kinachoonekana ni uso peke yake: pembe za mdomo mbele, vumbi puani, macho yakiangalia moja kwa moja upande wa lenzi. Ngiri mzima huingia kinyumenyume ili atakayemfuata akutane na pembe. Nilikuwa nalijua jambo hilo miaka mingi, lakini kuliona limegandishwa katika picha mbili zilizofuatana kulinifanya nikae kimya kwa muda. Kwa hili kamera naisifu bila kusita: inawahi. Kutoka mnyama anapopita hadi picha kupigwa ni kufumba na kufumbua, na ni nadra kubaki na mkia mtupu kwenye fremu.

Baada ya ngiri walikuja wengine. Nungunungu walipanga usiku wao katika wiki ambazo ngiri hawakuwepo. Nguchiro walipita mchana wakichungulia kila ufa. Kanu alikaa juu ya kifusi cha udongo kama mlinzi, akatoweka. Bweha alinusa, akaondoka. Popo walionekana kama mistari myeupe ikitoka kwenye giza la mdomo, na kama nisingezipitia picha moja moja ningedhani ni hitilafu ya lenzi. Mwenyewe mhanga alionekana mwanzoni kwa siku chache, akahama, akarudi baada ya miezi miwili kwa usiku mmoja, akatupa udongo mpya nje, akaondoka tena. Nilipohesabu, usiku aliokuwepo yeye ni sehemu ndogo mno ya usiku ambao shimo lilikuwa na mtu. Nyumba ni yake, waliokaa ni wengine.

Sasa nieleze upofu wa kamera, kwa sababu hapa muuzaji hakunieleza ukweli. Aliniambia inanasa "kila kinachosogea". Haiwezi. Kenge, nyoka, mjusi, kobe, wote hawa joto la mwili wao hufuata joto la mahali walipo, kwa hiyo mara nyingi kihisi hakioni tofauti ya kutosha. Wapita, na kamera imelala. Nilijua hivyo siku nilipokwenda kubadilisha betri nikakuta mburuzo mpana wa mkia katikati ya nyayo za kucha, umeingia shimoni na haujatoka. Kenge mkubwa. Kwenye kadi hakukuwa na hata picha moja yake. Mchana wa jua kali hata wanyama wenye damu moto huiponyoka, maana ardhi yenyewe inakuwa na joto linalokaribia la miili yao.

Hili ni jambo zito kwa anayetaka kujua shimo moja linabeba uhai kiasi gani. Ukiamini kamera peke yake utaandika kwamba wapangaji ni mamalia tupu, wakati reptilia ni miongoni mwa wanaolihitaji shimo kuliko wote. Kule kusini-mashariki mwa Marekani kuna kobe mchimbaji ambaye mashimo yake yamekutwa yakitumiwa na aina zaidi ya 300 za viumbe, nyingi zikiwa ni wadudu, vyura na nyoka. Kwa kihisi cha kamera hii, karibu orodha nzima ya kule isingeonekana.

Dawa niliikuta kwenye menyu, mahali ambapo kijitabu cha maelekezo kimepagusa kwa mstari mmoja: setingi ya kupiga picha kwa vipindi. Unaiambia ipige kila baada ya dakika kumi, pawe na kitu pasiwe na kitu. Inakula betri na inajaza kadi, lakini siku ya nne nilimpata kenge, amelala nusu ndani nusu nje, asubuhi ya baridi, akiota jua. Wiki iliyofuata nilipata kifutu aliyejikunja kwenye kivuli cha mdomo. Alikaa hapo picha kumi na tisa mfululizo. Watengenezaji wangeiweka setingi hii ukurasa wa kwanza, kwangu mimi ndiyo iliyoipandisha kamera hii daraja.

Na ilifanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Mvua zilipokaribia niliihamishia kwenye vishimo vidogo. Mhanga akitafuta chakula huacha vijishimo vya kina cha kiganja au mkono, vingi kwa usiku mmoja, ambavyo hamna anayelala ndani yake na ambavyo mtu huvipita bila kuvitazama. Nilichagua kimoja, nikaifunga kamera ikiangalia chini kutoka usawa wa kiuno, nikaipanga ipige kila saa moja mchana. Wiki ya kwanza: majani makavu yanadondokea ndani, moja moja, na hayatoki. Upepo unaoyafagia pembeni hauyafikii. Kisha kinyesi cha swala, kimeserereka. Kisha mvua ya kwanza. Ardhi ya pembeni ilikuwa na ule ukoko mgumu wa kiangazi, maji yakateleza juu yake na kukimbia. Kijishimo kilijaa kama bakuli. Siku mbili baadaye picha zinaonyesha ardhi yote imerudi kuwa ya kijivu, ndani ya kijishimo bado nyeusi. Siku ya tisa kuna kitu cha kijani chenye ukubwa wa ukucha. Siku ya kumi na tano viko saba. Nje ya ukingo, ndani ya fremu hiyo hiyo, hakuna hata kimoja.

Nilizipanga picha hizo zikimbie kama video, sekunde arobaini tu, na nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mnyama alichimba kwa dakika chache akitafuta mchwa. Aliacha mahali panaposhika maji, mbolea na mbegu, bila kukusudia. Zidisha kwa kila usiku wa maisha yake. Kuna hata tango pori ambalo tunda lake hukomaa chini ya ardhi. Mhanga hulifukua kwa ajili ya maji yake, kisha hufukia kinyesi chenye mbegu. Charles Darwin alipochapisha kazi yake ya minyoo ya ardhini mwaka 1881, jambo lililomshughulisha lilikuwa hili hili: kiumbe asiyetazamwa, akigeuza udongo kidogo kidogo, hadi sura ya nchi inabadilika.

Mwezi wa tano wa matumizi nguzo ilianguka. Niliichimbia mwenyewe, mti mkavu unene wa mkono, na nilikuta imelala na kamera ikitazama mbingu. Nilipoinua kigogo kilikuwa chepesi kama gunzi: mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wamekula kiini chote na kuacha ganda, na juu ya ganda wamepaka tope lao jembamba lenye unyevu. Mkanda wa kitambaa nao ulikuwa na tope, wameanza kuukwangua. Wiki mbili na nusu za picha za mawingu. Kama unaweka kamera mahali pa mhanga, kumbuka kwamba mhanga yuko hapo kwa sababu mchwa wako hapo. Tumia chuma.

Na mchwa wenyewe ni wahandisi kumpita mhanga, ndiyo maana siwezi kuwakasirikia. Vichuguu vyao vina udongo wenye rutuba na unaopitisha maji vizuri kuliko ardhi inayovizunguka. Utafiti uliofanyika Mpala, Laikipia, nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vichuguu vimepangana kwa umbali unaokaribiana, na kadiri unavyokaribia kichuguu ndivyo mimea inavyostawi na wadudu na mijusi wanavyoongezeka. Kwa hiyo mhanga anachimba kwenye kazi ya mhandisi mwingine, na tembo akivunja mti karibu na hapo, mijusi inapata nyufa za kujificha. Ni kazi juu ya kazi.

Rafiki yangu mmoja aliyeziona picha za miche alisema basi wahanga wasambazwe kila mahali. Nilimkatalia. Mwaka 1946 wanyama ishirini wa mto wanaoitwa biva, ambao kwao Amerika Kaskazini hujenga mabwawa yanayokuwa uhai wa vyura, samaki na ndege, walipelekwa Tierra del Fuego kusini mwa Argentina. Miti ya kule haikuwahi kuwajua. Mingi ya kwao Amerika Kaskazini huchipua tena ikikatwa au hustahimili maji. Ya kule ilikufa, na misitu ya kandokando ya mito ikageuka magogo meupe yaliyosimama kwenye maji, huku wanyama wakivuka hadi upande wa Chile. Kazi ile ile, mahali pengine, matokeo mengine. Hata mhanga akiwa kwao ana maadui wenye sababu: akitoboa ukuta wa bwawa la udongo au kupita chini ya uzio, mwenye shamba anapata hasara, na mara nyingi mnyama hulipa kwa maisha yake.

Nirudi kwenye kamera. Taa zake za usiku ni za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga wake), zinaangaza mbali na picha inatoka safi, lakini ukisimama mbele yake unaona wekundu hafifu zinapowaka. Wanyama nao wanauona. Nungunungu hawakujali. Mhanga alijali: usiku ule mmoja aliporudi, picha ya kwanza anachimba, ya pili amesimamisha masikio, ya tatu hayupo, na alirudi saa mbili baadaye kwa upande wa nyuma. Hilo limeniuma. Sikwenda pale kumfukuza mwenye nyumba. Zipo zenye taa za nanomita 940 ambazo mwanga wake hauonekani. Zinafika karibu zaidi na picha zina chengachenga, ila kwa mlango wa shimo hatua tatu zinatosha. Kama ningeanza upya ningechukua hizo.

Betri: kwenye boksi wameandika miezi minane. Kwangu mimi, kwa picha za usiku na za vipindi, ni wiki sita, na zile za kuchaji hudumu pungufu ya hapo. Lenye kuudhi ni kwamba betri zikiisha kabisa saa inajirudisha mwanzo, na picha zinazofuata zinaandikwa tarehe ya kiwandani. Nilipoteza mpangilio wa wiki tatu kwa njia hiyo, na picha isiyo na saa ni nusu ya ushahidi. Siku hizi kila ninapofungua naandika saa kwenye karatasi na kuinyanyua mbele ya lenzi kabla sijaondoka. Mpira wa kuzuia maji ni mzuri, mvua zote zimepita na ndani pakavu.

Jambo ambalo haiwezi kabisa ni kukueleza kwa nini wanakuja. Kwa hilo nilifunga kipimajoto kwenye fito na kukisukuma ndani. Saa nane mchana, uso wa ardhi nje ulikuwa nyuzi 49. Urefu wa fito mbili ndani, nyuzi 27. Alfajiri nje palishuka hadi 11, ndani pakabaki 24. Picha za miezi yote hiyo zilinieleweka zaidi baada ya namba hizo nne.

Picha ya mwisho ya mhanga kwenye shimo hili ni ya saa kumi na dakika arobaini jioni, jua bado liko juu. Kwanza nilishangilia: mhanga mchana, kwa rangi kamili, ngozi yake ya kijivu yenye vumbi jekundu, kila unywele wa mgongoni unaonekana. Nikawatumia watu. Baadaye nikasoma habari za Kalahari, nyika kame ya kusini mwa Afrika. Watafiti walikuwa wamewapandikizia wahanga sita vifaa vya kupima joto la mwili. Baada ya kiangazi kimoja kikali, watano kati yao walikufa pamoja na wengine kumi na mmoja wa eneo lile, na dalili zilionyesha ni njaa. Kabla ya kufa, joto la miili yao lilikuwa likishuka usiku hadi nyuzi 25 kwa baadhi, na walikuwa wameacha kutoka usiku wakawa wanatoka mchana. Nilirudi kwenye picha yangu nikaikuza. Mbavu zake zinahesabika. Sikuwa nimeziona.

Ni wiki saba sasa tangu picha hiyo. Ngiri bado wanalala pale, na picha za vipindi zinaonyesha upande wa kushoto wa mdomo ukimomonyoka, kiasi cha kiganja toka mvua ziishe. Ngiri wanasukuma nje udongo unaoanguka, ila kina hawakiongezi.

Kamera hii ninaipendekeza kwa mwenye subira, mwenye nguzo ya chuma, na atakayetumia setingi ya vipindi tangu siku ya kwanza. Kwa mwenye haraka ya kuona wanyama wengi itamchosha. Mimi nimeagiza ya pili, ya mwanga usioonekana. Itakaa ng'ambo ya korongo, ambako Jumanne iliyopita nilikuta udongo mbichi umetupwa nje, na juu yake alama za kucha nne nne.